Banda la gemu la Nkuhungu: nimepigwa mkono na bado nimerudi

Aliyenipiga mkono, yaani mabao matano, alikuwa amekaa kwenye benchi miguu ikining'inia. Naomba hilo lieleweke kabla sijagusa bei, mashine wala usafi. Miguu haifiki chini, kandambili moja imeshadondoka, na bado ananitandika tano kwa bila, la tano analifunga huku kageuka kumuuliza mwenzake kama ubuyu wake upo salama huko nje. Mimi nilikuwa na shati la kazini na kitambulisho cha ofisi shingoni. Tarehe 5 Novemba 2023 niliwacheka sana watu wa Simba kwa ile tano moja waliyopewa na Yanga, nikacheka mpaka nikanunulia watu soda. Sasa na mimi nimeujua mkono unavyoshikwa. Mechi ilipoisha mtoto akasema kwa adabu zote, "Shikamoo anko. Unaondoka au unaongeza?"

Nikaongeza. Ni mwezi wa nne sasa naongeza, kwa hiyo nadhani nina haki ya kulisema hili banda kwa watu wanaouliza wapi Dodoma mtu mzima anaweza kucheza gemu bila kuibiwa wala kuchekwa. Kuchekwa utachekwa. Kuibiwa hapana.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Niliingia UDOM mwaka 2010, chuo chenyewe kikiwa na miaka mitatu tu, majengo mapya na vumbi jipya. Hosteli tulikuwa na laptop moja kwa watu kumi na wawili, na mwaka wa mwisho ikaingizwa PES 2013, gemu la mpira. Pedi, kile kidude cha kuchezea cha mkononi, ilikuwa moja ya kuazima, wa pili anacheza kwa kibodi, na aliyeshika kibodi siku zote alikuwa na kisingizio cha kufungwa. Nikaenda Dar, nikakaa, nikaoa, ofisi ikahamia huku nikarudi nayo. Kazi ipo Mtumba, nyumba nimepanga Nkuhungu. Mkazi wa Dodoma anajua maana yake: asubuhi navuka mji mzima kwenda mashariki, jua usoni, jioni navuka mji mzima kurudi magharibi, jua usoni tena. Nikishuka kwenye daladala sitaki baa, sitaki siasa, nataka dakika kumi za kumkaba mtu.

Kabla ya hili nilijaribu mabanda mengine mawili, siyataji. La kwanza lilikuwa zuri kwa macho, runinga kubwa, taa za rangi, lakini mwenye nalo alikuwa na mdogo wake. Huyo mdogo hafungwi. Akifungwa, waya unachomoka. La pili watu wazima wanaweka buku buku juu ya meza na watoto wa shule wanatazama, na siku niliyoona mtoto kaweka nauli yake ya kurudia nyumbani sikurudi tena.

Hili la Nkuhungu halina jina. Ni fremu moja, mlangoni pazia la turubai la bluu, na ubao wa chaki umeandikwa GEMU 250. Ndani kuna runinga tatu na mashine za PlayStation: PS4 mbili za lile umbo jembamba lililotoka 2016, na PS3 moja ambayo ingekuwa mtumishi wa umma ingekuwa imeshaandikiwa barua ya kustaafu. Hakuna dari. Ni bati tupu, na nitalirudia hilo bati. Mwenye banda ni mama wa makamo, watoto wanamwita Mama Pedi naye anaitika. Anakaa pembeni ya mlango na daftari la mistari, kalamu imefungwa kwa kamba ili isisafiri.

Hiyo 250 inahitaji maelezo, maana wageni wote wanadhani ni bei ya mechi. Mechi ni 500. Kila mchezaji anatoa nusu yake, analipa kabla ya kushika pedi, na hakuna kulipiana. Mabanda mengi mjini yana ule utaratibu wa anayefungwa analipa, na nilipomwambia Mama Pedi kwamba ndivyo tulivyozoea alinitazama kama niliyeomba bia kanisani. "Kaka, hiyo ni kamari ya watoto. Mtoto akishalipiwa mechi na mwenzie leo, kesho anataka alipiwe chipsi." Nikalipa 250 yangu.

Matatizo ya 250 ni chenji, na hili ni lalamiko langu la kwanza la kweli. Sarafu za hamsini Dodoma ni kama mvua ya mwezi wa saba. Ukitoa mia tatu unarudishiwa pipi, au unaandikwa kwenye daftari kwamba unadai hamsini. Mpaka leo nadai mia na hamsini. Ukurasa wangu umeandikwa "Mzee wa Genk", nitaeleza kwa nini. Kwa sasa jueni tu kwamba pipi zenyewe ni za mnanaa na zinanata kwenye karatasi.

Sheria za banda zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila, zimebandikwa juu ya runinga ya katikati. Nawa mikono. Ubuyu nje. Pedi haipigwi. Sare za shule hapana. Kabla ya saa kumi jioni siku za shule, mwanafunzi hapana. Mwanafunzi mechi tatu kwa siku, basi. Na ya mwisho, ndefu kuliko zote, ya umeme, ambayo nayo ina habari yake.

Hiyo ya ubuyu nilidhani ni utani mpaka nilipoona pedi iliyoponea chupuchupu. Dodoma ni nchi ya mibuyu, na ubuyu wetu wa mtaani ukishapikwa na sukari na rangi unakuwa mwekundu wa kutisha. Mtoto ananyonya vidole, anashika pedi. Baada ya wiki vitufe vinashuka havipandi. Ndiyo maana pale mlangoni kuna ndoo yenye koki, beseni, na kipande cha sabuni ya kufulia, na Mama Pedi anakagua viganja kama mwalimu wa zamu. Na mimi nilikaguliwa. Nilikuwa nimekula kuku wa kukaanga njiani, nikarudishwa kwenye ndoo mbele ya watoto.

Sasa pedi. Mtu akiniuliza banda zuri nitalijuaje, nitamwambia asitazame runinga, atazame pedi. Siku ya Nane Nane, wakati nusu ya mji imekwenda Nzuguni kwenye maonyesho, nilipita asubuhi nikamkuta Mama Pedi amezifungua zote juu ya kanga, bisibisi mkononi, miwani imeshuka puani. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma hauombi ruhusa kuingia ndani. Ile PS4 aliyoifungua kwanza, vumbi lilikuwa limejikunja kwenye feni likawa kitambaa, jekundu, unaweza kulivua kama soksi. Alilitoa kwa brashi ya kupakia rangi, halafu akapuliza kwa pampu ya baiskeli, lakini kabla hajapuliza alichomeka kijiti cha meno kwenye feni isizunguke. Nikamuuliza kwa nini. Akasema feni ikizungushwa kwa nguvu na upepo wa nje inaweza kuharibika, na kwamba somo hilo lilimgharimu feni nzima.

Halafu akafungua pedi na kunionyesha ugonjwa ambao kila mchezaji anaujua kwa dalili tu. Chini ya kile kijiti cha kuendeshea kuna vipimo viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kimoja kuna njia nyembamba ya kaboni, na kiulimi cha chuma kinachoisugua kila unaposogeza kidole. Kiulimi kikiwa hapa, mashine inajua umesimama. Kikisogea pale, inajua unakimbia. Sasa sugua mara maelfu kwa maelfu, ongeza vumbi letu, ile kaboni inalika na unga wake unabaki humo humo. Mashine inaanza kusoma kwamba kidole kimesogea wakati kidole kimetulia. Hapo ndipo winga wako anapoanza kutembea mwenyewe kwenda kushoto kama kaitwa na shangazi yake. Spiriti kwenye pamba inasaidia kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo ni kubadilisha kipimo chenyewe kwa kuchomelea, na hiyo anampelekea fundi wa simu.

Kwa kuwa hawezi kuwa na pedi zote nzima kwa wakati mmoja, amezifunga nyuzi. Uzi wa kijani ni pedi nzima. Mweupe ni ya wastani. Mwekundu ni ile inayovuta kushoto. Zote zinachezwa zikiwa kwenye waya, maana betri zake zilishakufa zamani. Na hapa ndipo Mama Pedi alipotumia akili ambayo sijaiona banda lolote: anayeshinda anabaki kwenye benchi, lakini anahamia pedi ya uzi mwekundu. Anayekuja anapewa ya kijani. Ukishinda tena unabaki na nyekundu yako. Kwa hiyo aliyeshinda mechi sita mfululizo ameshinda tano kati ya hizo winga wake akiwa anaelekea Singida.

Hili niliambiwa siku ya pili. Maana yake yule mtoto wa miguu inayoning'inia, siku ile ya mkono, alikuwa amebaki kwenye benchi kama mshindi na alikuwa na pedi nyekundu. Mimi nilikuwa na ya kijani.

Tuje kwenye umeme. Fremu hiyo na ya jirani yake, ambaye ni fundi cherehani, wanatumia mita moja ya LUKU. Ugomvi wao nimeusikiliza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwaigiza wote wawili. Fundi anasema migemu ndiyo inayomaliza yuniti. Mama Pedi anasema ni pasi. Mama Pedi ana haki, na si kwa sababu ananidai heshima: pasi ya umeme inakula wati elfu moja na kuendelea, wakati ile PS4 nyembamba na runinga ya inchi 32, ukizijumlisha, hazifiki hata robo ya hapo. Siku moja aligeuza mashine akamsomesha fundi maandishi ya nyuma. Fundi akasema maandishi ya Wajapani hayajui Dodoma. Wanaendelea kuchangia nusu kwa nusu.

PS4 zote mbili zimewekewa zile UPS za kompyuta, betri ya dharura ya chini ya meza. Umeme ukikatika inapiga kelele kama kifaranga aliyepotezana na mama yake na inakupa dakika chache za kumaliza. PS3 haina. PS3 inazimika palepale na aliyekuwa anaongoza analia. Lakini betri za UPS nazo huchoka, na hiyo ndiyo sababu ya sheria ndefu kwenye manila: "Umeme ukikatika kabla ya dakika ya 60 mechi inarudiwa. Baada ya dakika ya 60 matokeo yanabaki yalivyo. Hakuna kurudisha hela."

Siku yangu kubwa ilikuwa Alhamisi moja. Naongoza mbili kwa moja dhidi ya mtoto yuleyule. Sikuamini macho yangu. Nyuma yangu kuna watu kama kumi, wamenyamaza, na ukimya wa watoto kumi unausikia. Nakwenda kupiga kona, umeme ukakatika, UPS ikalia mara moja, mbili, ikafa. Giza. Halafu sauti yangu, mtu mzima, mwenye familia, nikisema, "Ilikuwa dakika ya 61!"

Mtoto akasema 57. Mwenzake akasema hakuona. Mmoja akasema aliona 5 mwanzoni lakini mbele yake kulikuwa na kichwa cha mtu. Mama Pedi akawasha tochi ya simu, akaja akasimama mbele ya runinga iliyokufa kama hakimu, akauliza, "Nani aliiona saa?" Si nani anaongoza. Nani aliiona saa. Kila mmoja akahojiwa peke yake, na wengine wakaambiwa wanyamaze. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasubiri zamu akasema aliona 58, kwa sababu alikuwa anapiga hesabu lini nitatoka yeye aingie. Huyo hakuwa na upande. Mama Pedi akaandika kwenye daftari: 58, inarudiwa.

Mechi zetu zimepangwa dakika nne kila kipindi, kwa hiyo dakika tisini za gemu zinapita kwa dakika nane za saa ya mkononi. Piga hesabu. Dakika mbili nilizokosa ni kama sekunde kumi na moja. Sekunde kumi na moja za umeme ndizo zilizonitenganisha na ushindi pekee ambao ningeuweka kwenye historia ya familia. Ulipowaka, mashine ikaanza kulalamika kwamba haikuzimwa inavyotakiwa, ikakagua hifadhi yake taratibu, mimi nimekaa nimejiinamia. Tukarudia. Tatu bila.

Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani. Kesho yake nikafikiria lile banda la mdogo mtu na waya wake, nikafikiria ni wapi tena mjini hapa nimesikilizwa sawa kabisa na mtoto wa darasa la nne, bila kuitwa mheshimiwa wala kuambiwa nisubiri kidogo. Jioni nilikuwa nimeshanawa mikono.

Kuna jambo lingine linalonivuta pale, nalo halihusiani na ubora wa picha. Gemu lenyewe halijui Kiswahili. Orodha zake zote zinakuja kwa lugha za wenzetu, na Kiswahili hakimo. Nilidhani watoto watakwama. Siku moja nikamuuliza mmoja, wa darasa la tatu, lile neno la kwanza linalotokea ukisimamisha mechi lina maana gani. Akasema, "Ni la juu kabisa, unabonyeza eksi." Na la chini? "Hilo usiliguse, Mama Pedi anakutoa nje." Hajui neno hata moja, anajua mahali. Nikajicheka, maana na mimi nusu ya programu za ofisini nazitumia hivyohivyo na nina cheti.

Sauti ya watangazaji wa gemu imezimwa, kwa sababu ya fundi cherehani na kwa sababu watoto wanatangaza wenyewe. Hapo ndipo pesa yako inaporudi yote. "Anaambaa na mpira, anaambaa, anamimina majalooo, kipa kasimama kama mbuyu!" Kuna mmoja, Mgogo wa kuzaliwa, likiingia goli hasemi goli. Anamwamkia kipa wa mwenzake: "Mbukwenyi!" Banda zima linaitikia. Ukishapigwa mbukwenyi tano utaelewa kwa nini nilisema mkono unauma. Timu inayopiga pasi nyuma bila kwenda mbele, wanasema inajadili bajeti. Goli la kumpasia mwenzako nyavu zikiwa wazi ni la kumegeana, na lina dharau kidogo. Lile shuti la kuzungusha kwa kupinda linaitwa la kona ya Jamatini, na hakuna aliyeweza kunieleza limetokea wapi, wala simbani mtu.

Na jina la gemu lenyewe? Wenye kampuni inayolitengeneza, EA, waliachana na shirikisho la FIFA baada ya karibu miaka thelathini; toleo la mwisho lenye jina hilo ni FIFA 23, na tangu 2023 linaitwa EA Sports FC. PES nayo iligeuzwa eFootball mwaka 2021. Nkuhungu taarifa hizo zilifika na hazikupokelewa. PS4 ya kwanza ina FC 24 na inaitwa FIFA. PS4 ya pili ina FIFA 20 na inaitwa FIFA. PS3 ina PES 2013, ileile ya hosteli yangu, na watoto wanaiita FIFA ya zamani. Mara ya kwanza nilisahihisha. Nilitazamwa.

Hiyo ya pili, ya FIFA 20, ndiyo kijiwe changu, na ndiyo asili ya jina langu kwenye daftari. Mashine hiyo haijawahi kuunganishwa na intaneti. Diski yake ilitoka Septemba 2019 na dunia ilisimama hapo. Kwa hiyo Mbwana Samatta bado yuko Genk ya Ubelgiji. Huko nje alishahamia Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, akaifunga Bournemouth, akaifunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi, akaenda Uturuki, akaenda Ugiriki. Kwenye runinga ya Mama Pedi hayo yote hayajatokea. Bado hajafikisha miaka 27, bado ndiye mfungaji bora wa Genk aliyetoka kuchukua ubingwa wa Ubelgiji, bado Anfield inamsubiri Novemba ile aende akaifunge Liverpool kwa kichwa. Wapo watoto pale wasioweza kukutajia mji mwingine wa Ubelgiji, lakini kikosi cha Genk wanacho kichwani. Mimi huchagua Genk kila mechi. Wengine wanachukua PSG na Barcelona yenye Messi, wananifunga, lakini Samatta akinipatia goli moja la kichwa natoka na furaha ambayo mke wangu anadhani ni nyongeza ya mshahara.

Malalamiko, maana nimeahidi kuwa mkweli. Benchi ni ubao mtupu bila egemeo. Baada ya mechi ya tatu mgongo unakumbusha umri. Lile bati: kuanzia mwezi wa kumi mpaka mvua za Desemba, saa kumi jioni ndani ni joto la tanuri, feni ya mezani imeelekezwa kwenye mashine na si kwa watu, na ukilalamika unaambiwa mashine hazina mahali pa kwenda kupunga upepo. Choo hakuna, utaomba kwa mwenye nyumba wa nyuma na utasalimia familia nzima. Jumamosi mchana foleni haifai, nilishawahi kusubiri saa nzima na nusu kwa mechi moja ya dakika kumi. PS3, mama yangu, ipumzishwe. Na nilishasema kuhusu chenji.

Usiku anafunga saa mbili kamili. Saa mbili kasorobo haanzishi mechi mpya hata uje na waziri.

Jumamosi asubuhi, saa tatu mpaka saa nne, ni ya wasichana peke yao. Aliianzisha baada ya kuona wanakuja, wanasukumwa mwisho wa benchi, wanaondoka. Binti yangu nilimpeleka nikidhani atachoka mapema. Yeye hataki mpira, anataka magari, na Mama Pedi amemtafutia diski ya mbio za magari ambayo wavulana hawaruhusiwi kuigusa saa hiyo. Mimi pia saa hiyo siruhusiwi ndani. Nakaa kwa fundi cherehani nasikiliza habari za pasi.

Nyota ngapi? Nne. Ya tano imekalia lile benchi na inaumwa mgongo.

Kufika: shuka Nkuhungu, ulizia kwa Mama Pedi, bodaboda yeyote atakuonyesha, nenda na sarafu zako za hamsini mfukoni. Siku za kazi nafasi nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, watoto wengi wakiwa wameitwa kuoga. Wengi, si wote. Ukimkuta mmoja amekaa peke yake kwenye runinga ya katikati, pedi ya uzi mwekundu mapajani, miguu inaning'inia, nafasi pembeni yake iko wazi na anakuamkia kwa heshima, usidhani anamsubiri mwenzake.